Kabla ya kumpeleka mama kwenye nyumba ya wazee

Posho tatu zilizopita mwenzetu mmoja wa Kikula alikuja kwenye likelemba, akaweka fedha zake mezani na kusema: "Mimi nimeshindwa." Mama yake amepita miaka 80. Alianza kwa kusahau sufuria motoni. Kisha akasahau majina ya wajukuu, na sasa anatoka lupangoni usiku. Mara ya mwisho walimkuta kwenye barabara kubwa, pale malori ya shaba yanapopita kwenda Lubumbashi. Alikuwa amejifunga kitenge vizuri, kikapu mkononi, akisema anakwenda Jadotville kuchukua posho ya unga. Mume wake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière. Mgao ule ulikwisha zamani, na kwetu limebaki neno tu la kuhesabia majuma, lakini kwa nkambo huyu mgao bado upo na foleni inamngojea.

Kaka wa mwenzetu, aliye kazini Kolwezi, alisema atalipa, mama apelekwe kwenye nyumba ya wazee iliyoko Lubumbashi. Mashangazi wakasema hiyo ni kumtupa mzazi. Mwenzetu hakujua amsikilize nani, akatuomba tumsindikize akaione nyumba hiyo kwa macho. Tulikwenda wanne. Hapa tunaandika tuliyoyaona, kwa sababu tunajua si yeye peke yake mwenye mzigo huu katika Likasi.

Kwanza hilo neno la kutupa, maana ndilo lililotuchelewesha. Zamani za Gécamines nyumba moja ilikuwa na watu wa vizazi vitatu, na mzee hakukosa jicho la kumwangalia. Halafu mwaka 2003 maelfu ya wafanyakazi walitolewa kazini kwa ile tuliyoiita "départ volontaire", na watoto wakatawanyika: Kolwezi, Lubumbashi, wengine Afrika ya Kusini. Anayebaki na mzee ni binti mmoja, na binti huyo ndiye anayeuza sokoni tangu alfajiri. Anayesema kwa sauti kubwa "sisi hatutupi wazee" mara nyingi siye anayefua mashuka. Kwa hiyo hatumhukumu mtu anayetafuta nyumba ya wazee. Tunauliza tu: nyumba gani, na nani anataka aende?

Swali hilo la nani anataka, msilipite haraka. Kuna familia ambamo mzee anahamishwa kwa sababu amekuwa mgonjwa mno, na kuna familia ambamo anahamishwa kwa sababu lupango lina mnunuzi. Karatasi za lupango na karte yake ya pensheni ya CNSS zibaki kwa mtu ambaye ndugu wote wamemkubali, na isiwe siri. Mwenzetu aliwaita ndugu zake, wakaandika hilo na wote wakatia saini kabla hatujapanda gari.

Neno la pili lilikuwa baya zaidi. Jirani mmoja alisema nkambo ni mulozi: anatembea usiku, anaongea peke yake, na baada ya kula anawaambia watu kwamba wanamnyima chakula. Mama wapendwa, mambo hayo matatu ni ugonjwa wa kusahau wenyewe, ule ambao waganga wa hospitali wanauita demensia. Shirika la Afya Duniani linahesabu wagonjwa zaidi ya milioni 55 ulimwenguni. Mgonjwa hajui kama ni usiku. Hakumbuki kama amekula, kwa hiyo hasemi uongo. Kulikuwa pia na chumba cha maombi kilichokuwa tayari kumpokea kwa siku saba za kufunga. Tulikataa. Maombi hatuyapingi, lakini mzee wa miaka 80 asiyekunywa maji atachanganyikiwa zaidi kesho kuliko leo, na anaweza kufa.

Tulianza kwa munganga, na hata nyinyi anzeni huko. Kama mzee amechanganyikiwa kwa siku mbili tatu tu, inaweza kuwa malaria, ugonjwa wa njia ya mkojo au kukosa maji mwilini, na hayo yanatibika. Hata kusahau kunakokuja polepole kunaweza kuongezwa na upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni nzito, au masikio yasiyosikia. Huyu nkambo alikutwa na shinikizo la damu, na masikio yake yalikuwa yamezibwa na nta. Yaliposafishwa, alianza kujibu maneno ambayo tulidhani hayaelewi! Kusahau hakukuisha, maana ugonjwa huo dawa ya kuuponya haijapatikana, lakini nusu ya ukimya wake ilikuwa ni nta. Akihitajika munganga wa magonjwa ya akili na mishipa, Lubumbashi kipo kituo cha Docteur Joseph Guislain cha Mabruda wa Charité. Ni safari ya kilometa 120 hivi.

Sasa nyumba yenyewe. Jina lake hatulitaji, hatukwenda kumwaibisha mtu.

Mara ya kwanza tulipiga simu, tukafika saa nne asubuhi. Sakafu ilikuwa imepigwa deki, wazee wameketi mstari mmoja ukumbini na vitenge safi, na mkuu wa nyumba akatupa soda. Tulitoka tumefurahi. Tungeishia hapo, leo tungekuwa tunawaandikia sifa.

Mmoja wetu akalala kwa dada yake Lubumbashi, na kesho yake akarudi saa kumi na mbili asubuhi bila kumwambia mtu. Alikuta mtunzaji mmoja, msichana mdogo, aliyekesha na wazee 23. Mashuka mengi yalikuwa yameloa. Mzee mmoja alikuwa amefungwa kiunoni na kitenge kwenye kiti. Alipouliza, msichana hakuficha: "Nikimfungua ataanguka, mama, nami niko peke yangu." Hakuwa mkatili. Msichana huyohuyo ndiye aliyejua kila mzee kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na alijua kwamba yule babu wa dirishani alikuwa dereva wa treni, hali chakula mpaka mtu apige mluzi kwamba gari limefika. Basi anampigia mluzi. Tulimpenda sana. Lakini mtu mmoja hawezi kuwageuza kitandani wazee 23 kwa usiku mmoja, na mgonjwa asiyejigeuza mwenyewe anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, la sivyo ngozi inaoza. Na anayefungwa kwenye kiti ili asianguke, miguu yake inadhoofika, na siku akifunguliwa anaanguka vibaya zaidi.

Kwa hiyo ushauri wetu wa kwanza: nendeni saa ambayo hamngojewi, na ulizeni idadi ya watunzaji wa usiku. Ya mchana kila nyumba inaipenda kuisema.

Ombeni kuona visigino na kiuno cha mzee mmoja aliye kitandani siku nyingi, kama mwenyewe na ndugu zake wanakubali. Vidonda vya mahali hapo vinaeleza mengi kuliko ukumbi. Pigeni pua kwenye godoro pia. Harufu ya mkojo wa asubuhi hii ni jambo la kawaida kwa wazee, hata nyumbani kwetu ipo. Harufu iliyozoea godoro ni jambo jingine.

Kaeni mpaka wakati wa chakula. Sisi tuliona sahani za bukari na sombe zikiwekwa mbele ya kila mtu, na baada ya nusu saa zikikusanywa. Tatu zilirudi jikoni zimejaa. Hakuna aliyeuliza. Kwa mgonjwa wa kusahau, chakula kilicho mbele yake bado si chakula alichokula. Wengine hawakumbuki mkono unafanya nini na tonge. Tena tuliona mama mmoja akilishwa uji amelala chali. Hiyo ni hatari, uji unaweza kuingia mapafuni. Alishwe ameketi wima, kijiko kidogo, na kingine kingoje mpaka ameze.

Tuliuliza juu ya kinini. Mkuu wa nyumba alisema wasumbufu wanapewa dawa ya kuwatuliza. Nani ameiandika? Kwa siku ngapi? Hapo majibu yakawa mafupi. Dawa hizo zipo na munganga anaweza kuziandika, lakini kwa mzee mwenye demensia zinaongeza hatari ya kuanguka na hata ya kiharusi. Mzee anayelala mchana kutwa huenda hajatulia, amelazwa. Anayepeleka mzazi ashike karatasi ya dawa zote, na pasiongezwe kidonge bila yeye kupigiwa simu.

Maji na umeme mnajua wenyewe. Regideso ikikata, kuna kisima? SNEL ikizima, mzee anayekwenda chooni usiku anaona njia kwa taa gani? Pale kisima kipo, tena kizuri. Taa ya usiku ilikuwa simu ya yule msichana. Na mlango wa nje ulikuwa na kufuli, ufunguo uko kwa mlinzi anayelala upande wa pili wa ua. Tunaelewa, wazee wanatoroka. Moto ukiwaka je?

Jambo lililomaliza mashaka yetu hatukuwa tumeliandika kwenye orodha. Tulimleta nkambo mwenyewe mara ya tatu, aonje siku moja. Mchana ilikwenda vizuri. Jioni alipoona kifurushi chake cha nguo mlangoni alianza kutetemeka, akasema maneno kwa Kiluba cha Kasai, na watunzaji wawili wakaangaliana. Mmoja akanong'ona kwamba huyu anaongea na watu wasioonekana. Binti yake alielewa kila neno. Mama alikuwa anauliza treni inafika lini.

Wengi wenu mnakumbuka mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa nyumbani mwao hapa Likasi, wakalala kwenye kituo cha treni siku nyingi na vifurushi vyao, wakingoja gari la kuwatoa. Wengine walifia palepale. Nkambo huyu alikuwa mmoja wa waliolala kituoni, na baadaye akarudi. Amesahau jina la binti yake, lakini kile kifurushi mlangoni hakukisahau.

Ugonjwa huu mara nyingi unakula kwanza mambo ya jana na kuacha ya zamani, na lugha ya utoto inaweza kurudi wakati Kiswahili kinaondoka. Kwa hiyo ulizeni: je, usiku kuna mtu anayesikia lugha ya mama yetu, iwe Kisanga, Kibemba, Kiluba au nyingine? Mahali ambapo hakuna, maumivu yake ataitwa mapepo, na kiu yake itaitwa ukorofi. Na mzee akihamishwa, nguo zake ziende kabla, kimyakimya. Asione kifurushi. Apelekwe asubuhi, na mtu wake akae naye siku za kwanza.

Fedha tutaisema kwa ufupi. Bei ya mwezi waliyotutajia haikuwa na pampasi, dawa wala hospitali ndani yake. Ombeni iandikwe, na risiti kila mwezi. Ulizeni pia mzee akifa nani anapigiwa simu na nani anausafirisha mwili mpaka kwake. Tuliona aibu kuuliza hilo, lakini mkuu wa nyumba alijibu vizuri, kwa heshima, na daftari analo. Kuhusu serikali, Katiba ya 2006 katika ibara ya 49 inasema watu wazee wana haki ya hatua maalumu za ulinzi. Nyumba tuliyoiona inaishi kwa sadaka na kwa fedha za familia. Mtunzaji wa pili wa usiku anahitaji mshahara, na hatukuona mahali utakapotoka.

Mwenzetu ameamua mama abaki Kikula kwa sasa. Kaka yake amekubali fedha ile ile aliyotaka kuilipa nyumba imlipe mama mmoja jirani, msemaji wa Kiluba, alale na nkambo usiku. Mlangoni wamefunga kengele ndogo ya baiskeli, inalia akifungua. Bukari anapewa tonge moja moja mkononi. Asubuhi anapoulizia posho, hawamwambii tena kwamba Union Minière ilikufa. Wanampa kikapu chenye mahindi ya kupukuchua, naye anafanya kazi mpaka saa sita. Itadumu mpaka lini hatujui, na akianza kushindwa kutembea tutarudi kutazama nyumba nyingine, maana hiyo ya kwanza haikuwa ya mwisho.

Kwa mchana tumegawana zamu za saa nne saa nne, ili mwenzetu aende sokoni. Jumatatu mpaka Jumatano zina watu, Ijumaa na Jumamosi pia. Alhamisi bado haina mtu. Anayeweza amwambie mweka hazina kabla ya likelemba ya Jumapili.