Mwache Mwanao Aulizwe, "Umejuaje?"

Maonyesho ya sayansi ya shule za upili yana vituko vyake. Mwanafunzi husimama kando ya bango lililopambwa likapambika, lakini jaji akimwuliza swali moja tu, hubaki kukodoa macho. Kumbe kazi ilifanywa na baba!

Hebu tuwatazame wanafunzi wa Voi. Wao wana maabara isiyo na paa. Karibu nao, huko Sagalla, wakulima huzungushia mashamba mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Ndovu wa Tsavo akisukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka kwa hasira naye hutimka. Utafiti wa miaka tisa wa Dkt. Lucy King na wenzake, uliochapishwa 2024, ulionyesha kuwa mazao yanapostawi, nyua hizo zilizuia hadi asilimia 86 ya ndovu. Lakini ukame wa 2017 uliifanya mizinga mingi ihamwe na nyuki, na pengo hilo likadumu miaka mitatu.

Basi mwanafunzi ahesabu kila wiki mizinga yenye nyuki, apime mvua kwa mkebe, kisha alinganishe. Jaji akiuliza, "Umejuaje?" atafungua daftari lake.

Nawe mzazi wa mjini, nje ya lango lako kuna mtaro na jaa la taka. Mpe mwanao daftari na muda, ila usimfanyie kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, tena ainame mwenyewe.