Usukani Uliolegea Usipuuzwe

Gari jipya huaminiwa kupita kiasi. Likiwa na miezi michache tu barabarani, na rangi yake ingali inang'aa, dereva anayelalamika kwamba usukani unacheza huambiwa kuwa ni mwoga. Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, kauli hiyo yaweza kugharimu roho za watu.

Tangu reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea ifungwe mwanzoni mwa miaka ya 1960, korosho, ufuta, wagonjwa na watumishi hutegemea barabara. Lami imeanza kufika, lakini njia nyingi za vijijini bado ni za udongo na changarawe. Mashimo yake huyapiga magurudumu bila kukoma. Vumbi na tope huingia katika viungo vya usukani mara mpira wa kukinga unapopasuka. Umri wa gari, basi, haupimwi kwa tarehe ya kununuliwa pekee, bali pia kwa njia lililopita.

Nachingwea inalijua somo hili. Mpango wa Karanga wa wakoloni Waingereza, ulioanza 1947 na kuachwa 1951, ulileta mitambo mingi bila matayarisho ya kutosha ya mafundi na vipuri. Mitambo ikashindwa na ardhi.

Kuutafuta ubovu si kazi kubwa. Kwanza upimwe upepo wa matairi na zikazwe nati za magurudumu. Kisha, breki ya mkono ikiwa imevutwa na injini ikiwaka, mtu mmoja auchezeshe usukani kidogo kulia na kushoto, na fundi aviangalie viungo vya chini. Pale mwendo unapopotea ndipo penye ubovu. Kukimbilia kukaza skrubu ya sanduku la usukani kabla ya kupima viungo ni kuuficha ugonjwa.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wasidhani kuwa hayo ni ya bara tu. Hewa ya chumvi hula chuma kimyakimya, na magari mengi yanayoshushwa bandarini yakiitwa mapya yamekwisha kutumika ng'ambo.

Kwa hiyo tunawashauri maofisa wahusika mambo matatu. Gari la umma lisipokelewe kwa kutazamwa rangi na karatasi, bali likaguliwe chini na kujaribiwa njiani. Lalamiko la dereva liandikwe katika daftari la gari, na gari lisitoke mpaka fundi atie saini. Na dhamana ya muuzaji idaiwe ingali hai, kwani ikipita gharama humwangukia mwananchi.

Yuko atakayesema kwamba kazi za wilaya haziwezi kungoja. Lakini Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, wala haimsamehi mwenye haraka. Gari lililolala karakana siku moja litarudi kazini kesho. Lililopinduka na wagonjwa ndani yake halitarudi, na dereva aliyeonya mapema hatakuwa wa kulaumiwa.