Mama Naye Apimwe

Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wananchi wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, kisha wakashika majembe na kuchimba vyoo. Maradhi ya siku zile yalikuwa na dalili zilizoonekana. Shinikizo la juu la damu ni adui wa namna nyingine: laweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu, likiharibu moyo na figo, mpaka lidhihirike kwa kiharusi.

Wapo wasemao kuwa huu ni ugonjwa wa matajiri. Dhana hiyo ni potofu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wanao ugonjwa huu. Theluthi mbili hivi wamo katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na karibu nusu ya wagonjwa wote hawajijui.

Chumvi nyingi, unene, ulevi, kukaa kitako kutwa nzima, umri na urithi humwandama mwanamke kama vinavyomwandama mwanamume. Lakini mwanamke ana mizigo yake zaidi. Baada ya wiki 20 za ujauzito shinikizo laweza kupanda na kuleta kifafa cha mimba. Vidonge vya majira vyenye homoni ya estrojeni huweza kulipandisha. Hedhi ikikoma, hatari huongezeka tena.

Jambo la kusikitisha ni kwamba mama aliyepatwa na shinikizo wakati wa ujauzito hubaki hatarini miaka mingi baadaye, hata kama lilishuka alipojifungua. Mama huyo humpeleka mtoto kliniki kila mwezi. Mtoto hupimwa uzito. Yeye mara nyingi hurudi nyumbani bila kupimwa chochote.

Kasoro hii yarekebishika. Kipimo hakichukui dakika nyingi, na kikifikia 140 kwa 90 zaidi ya mara moja, mhusika apatiwe matibabu. Kliniki za watoto ziwapime akina mama. Shule na ofisi ziwape watumishi wake nafasi ya kupimwa. Nyumbani, chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku. Na akina baba wasingoje mke aanguke ndipo waitafute hospitali.