MZEE AWE WA KWANZA KUJUA, SI WA MWISHO

Wananchi,

Mtoto akichapwa fimbo skuli huko Bara, kanuni za mwaka 2002 zataka yaandikwe kitabuni kosa lake, idadi ya fimbo na jina la aliyemchapa. Fimbo hazizidi nne, na zote huandikwa. Twauliza: mtoto akianguka darasani kwa kuzidiwa na madawa ya kulevya, pumzi zikapungua na midomo ikageuka rangi, huandikwa kitabu gani, na mzee wake huambiwa saa ngapi? Ikiwa fimbo nne zina kanuni, roho ya mtoto haifai kuachiwa hiari ya mwalimu mkuu.

Watatokea wa kusema kuwa haya ni ya mbali. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa Mkoa wa Lindi, mkoa huo huo wenye Kilimarondo ya Nachingwea, kwa wakulima wa korosho na ufuta. Unga huvuka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, na bahari hiyo ndiyo ipigayo Unguja na Pemba. Wala sisi wa visiwani hatuna la kumcheka jirani: mwaka 2015 ilibidi ifunguliwe kliniki ya methadoni Kidongo Chekundu kwa ajili ya watu wetu.

Mwaka 2023, katika skuli ya Park View, Loudoun, jimbo la Virginia, Marekani, wanafunzi kadhaa walizidiwa na madawa. Wazee wakaja juu kwa kucheleweshewa habari. Tarehe 1 Novemba Gavana Glenn Youngkin akaamrisha wazee wote wajulishwe ndani ya saa 24. Hatuisifu Marekani. Lakini aliyeungua ndiye aujuaye moto, na amri hiyo ilitoka baada ya kuungua. Sisi twangoja nini?

Wakubwa hutaja fedheha ya skuli na siri ya mtoto. La fedheha lina jawabu moja: mficha maradhi, kilio kitamfichua. La siri ni la haki, na dawa yake nyepesi: jina aambiwe mzee wa mtoto peke yake; wazee wengine waambiwe kuwa jambo limetokea, bila ya jina.

Kwa hiyo twataka mambo matatu, Bara na Visiwani, ijapokuwa elimu si jambo la Muungano.

Kwanza, mzee ajulishwe siku ile ile. Aliyeko shambani Kilimarondo apigiwe simu. Asiyepatikana kwa simu apelekewe mtu.

Pili, skuli ziwekewe naloksoni, dawa irudishayo pumzi za aliyezidiwa na heroini, na walimu wafunzwe kuitumia. Shirika la Afya Duniani lilishauri tangu 2014 kwamba dawa hiyo iwafikie wale wawezao kushuhudia balaa hilo, si madaktari peke yao.

Tatu, habari hiyo isigeuzwe hati ya kumfukuza mtoto. Penye hofu ya kufukuzwa, wenziwe watamficha chooni mpaka afe.

Wanachama, lisomeni hili matawini na mlipeleke kwenye kamati za skuli. Serikali ijuayo njia ya kumwita mzee penye mchango wa madawati haina udhuru wa kuipotea njia hiyo mwanawe anapokata roho.