Mwacheni Mfugaji wa Wajir

Shuleni tulikaririshwa kwamba dunia imegawanywa mikanda: kwenye ikweta kuna joto na mvua mwaka mzima, ukisogea kidogo unakuta jangwa, ukienda mbali zaidi unakuta barafu. Watu wazima, wengine wenye shahada, bado wanalitetea somo hilo.

Basi watueleze Wajir. Mji huo haufiki digrii mbili kaskazini mwa ikweta, na mvua yake kwa mwaka ni takriban milimita 300. Singapore, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, nayo haifiki digrii mbili, na inapata zaidi ya milimita 2,000. Jua linalowapiga ni lile lile.

Mikanda ikigoma kujibu, husakwa mkosaji, naye huwa mfugaji: mbuzi wake wamemaliza miti, ndiyo maana mvua imekimbia. Ni kweli malisho yakizidiwa udongo huharibika. Lakini ukame wa Wajir ni mkongwe kuliko zizi lolote, na chanzo chake ni upepo na bahari.

Kaskazi hutoka Arabuni, kavu. Kusi nayo, ikifika pwani ya Somalia, hukimbia sambamba na ufuo badala ya kuingia bara, na njiani husukuma maji ya juu yaende mbali, hata maji baridi yakapanda kutoka vilindini. Bahari iliyopoa hutoa mvuke mchache. Ndiyo maana mvua ya huko hupata nafasi hasa pepo hizo zinapopokezana zamu, masika na vuli. Lodwar hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa upepo hubanwa kati ya milima ya Ethiopia na ya Kenya, ukapita kasi bila kumwaga kitu. (Nairobi wanaovaa majaketi Julai, digrii moja tu kusini mwa ikweta, waushukuru mwinuko wa karibu mita 1,800.)

Mwaka 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, ya upande wa Indonesia yakapoa. Vuli hiyo mafuriko yaliikumba hadi Wajir, huku Indonesia na Australia zikikauka na misitu yao ikiungua. Wajir hapakuwa pameota msitu mpya, wala mbuzi hawakuwa wamehamishwa. Mwenye hoja ya mbuzi aanze kwa kutueleza vuli hiyo.