Ziwa likifungwa, deni halifungwi: Mvuvi wa Kagunga anavyoweza kulinda sifa yake ya kukopa

• Mfumo wa mikopo huhesabu tarehe uliyolipa, si sababu iliyokuchelewesha.
• Kipato cha dagaa hufuata giza na mbalamwezi, rejesho hufuata kalenda.

Kigoma. Mkazi wa Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika jirani kabisa na Burundi, anaweza kukopa usiku huu huu bila kutoka nyumbani. Anabonyeza simu, hela inaingia.

Shida ni kwamba jinsi anavyorejesha mikopo midogo kama hiyo inaweza kuamua kama kesho atapewa mkopo mkubwa wa injini au nyavu.

Nani anatunza rekodi yako?

Kwa kanuni za mwaka 2012, Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ina kanzidata ya wakopaji. Mabenki hupeleka humo taarifa za wateja, kisha kampuni zenye leseni, kama Creditinfo, huzigeuza kuwa ripoti na alama. Humo hawamo wadaiwa sugu tu. Anayelipa vizuri naye anaonekana, na hiyo ndiyo faida yake.

Nini kinapandisha au kushusha alama?

Kikubwa ni kulipa kwa wakati. Kisha ukubwa wa madeni uliyonayo, muda ambao umekuwa mkopaji, na idadi ya maombi ya mkopo uliyotuma kwa muda mfupi. Kwa mikopo ya simu kama M-Pawa, iliyoanza 2014, matumizi ya laini na akiba yako navyo huangaliwa.

Kalenda mbili zinagongana

Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, mitumbwi mingi hupumzika na hela hukata. Rejesho la siku 30 halijui hilo.

Mwaka 2024 pengo lilikuwa kubwa zaidi. Tanzania na nchi nyingine za ziwa hilo zilisitisha uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Hizo ni siku 92. Kwa mabenki, mkopo usiolipwa zaidi ya siku 90 huhesabiwa kuwa chechefu. Mvuvi aliyekuwa na rejesho katikati ya Mei, akasubiri ziwa lifunguliwe, alivuka mstari huo bila kuwa mkorofi.

Upande wa pili, mama aliyelipa VICOBA miaka kumi bila kukosa anaweza asionekane kabisa. Daftari la kikundi mara nyingi haliingii kwenye mfumo, hivyo benki inamuona mgeni.

Ufanye nini?

• Kopa ukiwa na hesabu ya giza. Chagua tarehe ya rejesho inayoangukia baada ya mavuno, si katikati ya mbalamwezi.

• Ukiona utakwama, wasiliana na mkopeshaji kabla ya tarehe kufika. Kupanga upya mkopo ni nafuu kuliko kukaa kimya.

• Usikope huku ili ulipe kule. Deni linakua na maombi mengi yanakuchafua.

• Usimpe mtu laini uliyosajili kwa alama zako za vidole. Akikopa kupitia laini hiyo, mdaiwa ni wewe.

• Hakikisha mkopeshaji ana leseni. Novemba 2024 BoT ilitaja majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zisizo na leseni. Hata ukilipa vizuri huko, usitarajie kujenga sifa.

• Omba kuona ripoti yako. Ukikuta deni ulilokwisha lipa bado linasoma, una haki ya kudai lirekebishwe.

Kwa wakopeshaji nao kuna kazi. Ziwa linapofungwa kwa amri ya serikali, tarehe zinajulikana mapema. Kusogeza marejesho ya wavuvi kupita Agosti kungeokoa mkopo na jina la mkopaji kwa pamoja.