Jeti Yangu Haina Tabaini, na Inaruka

Wasee, kila nikiposti kijeti changu cha foamu, lazima mtu aseme si jeti ya ukweli kwa sababu haina tabaini. Sawa. Tabaini ndogo inachoma mafuta taa yaliyochanganywa na oili, inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na bei ni maelfu ya dola. Hiyo si ni karo ya mtu?

Mimi natumia feni ya umeme ndani ya mrija, na betri ya LiPo ya seli 4. Dakika nne hewani, basi. Lakini nimeiangusha mara tatu, nikagundisha na gluu, na bado narusha. Ukiangusha tabaini, unaweza kuchoma nyasi za watu.

Feni nayo ikikushinda bei, weka propela nyuma. Itapaa tu. Ila usichaji betri ukiwa umelala; yangu moja ilifura kama mandazi.